Nguo ya Kwendea Wapi

Mtaa mzima ulimwita Mtangazaji, na jina lenyewe lilikuwa nusu sifa, nusu kejeli. Alilipata akiwa na miaka sita, alipozoea kusimama mlangoni pa chumba cha ushonaji cha mama yake, mwiko mbele ya mdomo kama maikrofoni, akiwasomea wateja taarifa ya habari: nani kaachwa na basi, kuku wa nani kaenda kutaga kwa jirani. Watu walicheka hadi machozi. Sasa ni msichana wa miaka ishirini na minne, yuko mwaka wa mwisho chuoni akisomea utunzaji wa ghala, na waliokuwa wakicheka wameanza kumwonea huruma, maana mwenzao hakuwahi kuacha.

Alitaka redio. Aliitaka kama mwenye kiu anavyotaka maji, wala sioni haja ya kutafuta maneno mengine. Akipiga pasi asubuhi, alimalizia sentensi za msomaji wa habari kabla mwenyewe hajazimaliza, na taarifa ikiisha alibaki ameishika pasi hewani.

Kulikuwa na kituo kimoja kilichofundisha vijana kila mwaka, miezi sita, watu kumi na wawili tu, asiwepo aliyezidi miaka ishirini na minne. Alikwisha kuomba mara mbili. Mara mbili akajibiwa kwa adabu zote kwamba wamepatikana wenye uzoefu zaidi. Uzoefu! Hebu niambie, mwenye uzoefu anakwenda darasani kufanya nini? Ni sawa na mtu aseme atakufundisha kuogelea, ila kwanza uvuke mto. Lakini fomu haibishani na mtu. Penye "Uzoefu", miaka yote miwili aliandika neno moja: Sina.

Mwaka huu ulikuwa wa mwisho kwake, kufa kupona. Maombi yalifungwa Ijumaa saa sita mchana, na pamoja na fomu walitaka rekodi ya sauti ya dakika tatu. Alhamisi akajifungia ndani ya kabati la nguo za wateja, kwa kuwa alishagundua kwamba nguo humeza mwangwi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama kweli, magoti kidevuni, sketi ya mtu imemfunika kichwa, akajirekodi kwa simu akisoma habari kwa sauti nzito ya kuazima. Akajisikiliza. Akasoma tena. Kufikia mara ya tisa alijiona kama mtoto aliyevaa koti la baba yake.

"Wewe uliye kabatini!" mama aliita. "Mteja kafika. Njoo na daftari."

Hiyo ndiyo kazi yake tangu ana miaka kumi na mitatu: mama anapima, yeye anaandika. Na mama alikuwa na utaratibu wake. Hakupima kiuno cha mtu aliyenyamaza, kwa sababu mtu akinyamaza hubana tumbo, na gauni likikamilika halifungi. Kwa hiyo akishazungusha utepe huuliza, "Nguo hii ni ya kwendea wapi?" Mteja huanza kusimulia, tumbo hulegea, kipimo hutoka cha kweli.

Mteja wa siku hiyo alikuwa muuguzi mstaafu, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi.

"Ya kwendea kwa binti yangu," alijibu. "Miaka tisa hatujasemezana."

Kwa kawaida Mtangazaji huandika namba na kunyamaza. Siku hiyo swali lilimtoka lenyewe, kwa sauti yake ya kila siku.

"Akifungua mlango, mama, utaanza na neno gani?"

Muuguzi aliuangalia utepe kiunoni mwake. Mama mtu akaulegeza utepe, akasubiri.

"Sijui, mwanangu. Nimewaambia watu wengi kwamba mgonjwa wao amefariki. Hilo nilifundishwa. Hili la kusema nilikosa mimi, sikufundishwa."

Vipimo vilipokwisha ndipo Mtangazaji alipoitazama simu mfukoni mwake. Ilikuwa bado inarekodi. Alikuwa ametoka kabatini kwa haraka bila kuizima. Aibu ikamshika. Angeweza kukaa kimya, lakini alimweleza muuguzi ukweli, pamoja na habari ya maombi ya redio, akamsikilizisha, akasema anaifuta.

Muuguzi alisikiliza hadi mwisho. "Usifute," alisema. "Miaka tisa nimelisema mara moja tu, na ndiyo hiyo. Itume."

Ijumaa, penye "Uzoefu", Mtangazaji aliandika: Miaka kumi na moja ya kuandika vipimo vya watu huku wakisimulia wanakokwenda. Akafuta. Akaandika tena. Akatuma fomu pamoja na sauti ya muuguzi saa tano na nusu.

Wiki tatu zilizofuata zilimkondesha. Simu ikilia, anaikimbilia; akiitazama, ni kampuni ya simu inamnadia vifurushi. Mama alianza kuizima redio akimwona mwanawe anaingia, naye mwanawe akawa anaiwasha.

Ujumbe ulipokuja haukusema amepata. Ulisema aende kwenye mahojiano Jumatatu, watu ishirini, wachukuliwe kumi na wawili.

Mama alimsimamisha katikati ya chumba. Mganga hajigangi: maisha yake yote msichana huyu alivalishwa vitambaa vilivyobaki kwa wateja, vikakatwa kwa kukadiria tu. Sasa mama akachukua daftari mwenyewe, akachomeka penseli sikioni, akamzungushia utepe kiunoni.

"Haya. Nguo hii ni ya kwendea wapi?"

Swali hilo alilisikia mara elfu, na hakuna siku aliyoulizwa yeye. Aliogopa kwamba akilitamka jibu, nafasi itamponyoka kama miaka ile miwili.

"Sema, mwanangu," mama alisema, utepe ungali mkononi. "Umebana tumbo. Nitakushonea nguo isiyokutosha."