Mwanamke Aliyejua Kona za Reli

Nisikilize kabla hujacheka. Mambo haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, jua likiwaka, hapa Machakos mjini. Nimeyaandika na kuyafuta mara nyingi, kwa sababu sikusoma sana na pia niko na wivu, na mtu wa wivu huona mengi. Nitasema yale tu niliyoyashika kwa mikono.

Mimi hushona nguo. Kwenye kibanda hicho hicho mume wangu, Baba Mwende, huuza reli za garimoshi za kuchezea. Huzitoa kwa mitumba, na watu wa Nairobi wanaojenga reli ndogo mezani humpigia simu. Zilizonyooka hazina shida. Shida ni kona. Unaona mbili zinafanana kabisa, kumbe moja imepinda zaidi. Ukizichanganya, duara halifungi. Kwa hivyo tulizipima pamoja. Mimi nanyoosha uzi toka ncha hii ya kona hadi ile, yeye anapima tumbo lake, ule upana wa katikati kati ya uzi na reli, halafu anapiga hesabu kwa simu apate umbali toka katikati ya duara hadi reli. Vichwa vinagusana. Nilipenda kazi hiyo, kwa nini nidanganye?

Basi akaja mwanamke wa rinda la kijani. Mrembo, hilo siwezi kumnyima, na alinisalimia kwa heshima. Akapitisha kidole juu ya kona moja.

"Fundi, hii ni milimita mia nne thelathini na nane. Na hii si ndugu yake, ni mia tatu sabini na moja."

Mume wangu akapima. Kweli. Akampa nyingine. Kweli tena.

"Mama Mwende, umemsikia? Hata uzi hataki!"

"Nimemsikia. Nguo je, anataka, ama amekuja kupapasa tu?"

Mwanamke akacheka. "Haya, nipime basi, mwaitu," akaniita mama kwa Kikamba.

Nikazungusha tepu kiunoni mwake, nikavuta. Niamini: ilikaza kidogo, halafu ikaendelea kuingia, polepole, kama uzi unaokata sabuni. Rinda halikujikunja. Tepu yote ikatoka upande wangu, imenyooka, na yeye bado amesimama ananitazama kwa huruma. Wewe ungefanya nini? Mimi nilipiga kelele. Baba Mwende, aliyekuwa ameinamia reli zake, alipogeuka tulikuwa wawili tu kibandani.

Labda lilikuwa joto. Nimejiambia hivyo. Lakini tangu siku hiyo mume wangu hahitaji uzi. Anapitisha kidole, anataja kipimo. Nimezipima tena kisirisiri nikiomba awe amekosea, na hajakosea. Sitamsingizia: halali nje, wateja wameongezeka, unga hauishi nyumbani. Ila akipapasa kona hufumba macho akatabasamu, na si mimi anayenitabasamia. Jana nilinyoosha uzi mwenyewe, nikamwita aje tupime.

"Ya nini, mama?" akasema. "Wewe pumzika."

Kwa hivyo wewe unayesoma, kama kuna kazi ndogo mnayoifanya wawili, na mgeni akaja kuirahisisha, mfukuze akiwa bado mlangoni. Wacha wakuite mchoyo. Mimi huyo mwanamke nilimpa stuli yangu akalie.