Marehemu Aliyeapa Jumatatu

Shangazi yangu hakuweza kukaa. Tulifika kwenye jengo la kamati ya nidhamu ya mawakili saa mbili asubuhi, na kufikia saa nne alikuwa ameizunguka korido ile mpaka mlinzi akamuuliza kama amepoteza kitu. Kila akinipita alilinyoosha gauni lake la kijivu kwa viganja, nalo halikuwa na kunyanzi hata moja.

Ni karani wa wakili, mwaka wa ishirini na sita huu. Nyumbani tunamwita Muhuri, kwa kuwa muhuri wa ofisi anautunza yeye, na pia kwa kuwa akishasema neno, limepita. Bosi wake ni mtu wa haraka haraka. Kila Ijumaa humwachia rundo la kurasa za mwisho za hati za kiapo, zimeshatiwa sahihi yake chini ya maneno "Ameapa mbele yangu." Mteja akija, shangazi huchapa maelezo, mteja husaini, na tarehe hujazwa siku hati inapochukuliwa. Ndivyo ofisi ilivyokwenda miaka yote.

Sasa mzee mmoja akasaini hati ya kiapo kuhusu kiwanja chake Alhamisi. Ijumaa akafariki, Jumamosi akazikwa. Jumatatu binti yake akaja kuichukua, na shangazi, bila hata kuinua kichwa, akajaza tarehe ya Jumatatu. Marehemu akawa ameapa kutoka kaburini! Ndugu za yule binti, waliokuwa wanakigombea kiwanja hicho, wakapeleka malalamiko. Mimi nilipoisikia nilicheka mpaka machozi. Shangazi akaninunia siku mbili.

"Waambie Alhamisi ulimwona mzee akiapa mbele yangu, ila tarehe ulikosea wewe," wakili alimnong'oneza pale koridoni, jasho likimtoka. "Wakinifuta kwenye orodha ya mawakili, ofisi imekufa. Na umri huo nani atakuajiri, dada yangu?"

"Nimesikia, bosi."

Dada yangu! Miaka ishirini na sita alikuwa akimwita "wewe." Nilitamani kumzaba kibao.

Tulipoitwa ndani, mimi nilikaa kiti cha nyuma. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani, alimtazama shangazi usoni.

"Kabla ya ushahidi utaapa, mama. Inua mkono."

Shangazi akainua wa kushoto, akaushusha. Akainua wa kulia, akaushusha pia. Akamgeukia bosi wake, kama afanyavyo ofisini akikwama. Bosi alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Samahani, mama," shangazi akasema. "Mkono upi? Hizi hati nimechapa maelfu, lakini mtu akiapa sijawahi kumwona."

"Hata yule mzee?"

"Hata yeye."

Mwenyekiti akaweka kalamu chini.

"Wa kulia," akasema taratibu.

Shangazi akauinua, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile, ukatulia.