Mamangu Aliniambia Ni Gesi

Sasa hivi tu mwanangu amemega kipande cha hamri, akakiweka juu ya tumbo langu na kukishikilia kwa kidole. "Mtoto ale," akaniambia. Ana miaka mitatu. Majirani wamemwambia mama ana mtoto tumboni, naye kaamini. Nimecheka ili asiyaone machozi. Amekwenda kufukuza kuku wa bibi yake, nami nimeshika simu. Admin, nifiche jina, na kijiji pia, sema tu ni huku upande wa Msambweni.

Mimi ni mama wa miaka ishirini na sita. Shule niliishia darasa la nane, mtanisamehe nikiandika ovyo. Mume wangu ni mtunza bustani kwenye hoteli moja ya Galu, mtu mpole, hajawahi kunipigia kelele. Sina mimba. Nimepima na kurudia, hakuna. Lakini tumbo limejaa hata leso inafunga kwa taabu. Ilianza kabla ya Ramadhani. Ulipofika mfungo nikawa nafuturu tende na vijiko vichache vya uji, nashiba kama niliyemaliza sinia la pilau. Mkojo kila mara. Kiuno na chini ya kitovu kunauma hata kama si siku zangu.

Nilimwambia mamangu, maana nani mwingine nimwambie? Akasema, "Gesi hiyo, punguza mbaazi." Nikapunguza. Nikarudi tena, akanipaka mafuta ya nazi akinikanda taratibu, akasema ni baridi imeniingia tangu uzazi. Nilipotaja hospitali akaja juu: "Hospitali ya nini? Wataka wakupasue bure?" Wallahi nilimwamini. Nilikuwa nalala mapajani mwake kama mtoto, ananikanda, nami nasikia raha kuwa nina mama.

Mume wangu ndiye aliyechoka kunitazama nikisukuma sahani. Akanipeleka mwenyewe. Daktari alikuwa dada mmoja wa bara, ana adabu, akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mambo haya yakija siku moja yakaondoka, si neno. Yakikaa wiki baada ya wiki, tumbo kujaa, kushiba haraka, maumivu, mkojo, lazima tuangalie." Picha ikaonyesha uvimbe kwenye ovari, pale mayai ya mwanamke yanapokaa. Hajasema ni saratani. Amesema vipimo vingine ndivyo vitakavyosema, na kwamba ikiwa ndiyo, kuigundua mapema kunasaidia sana. Kisha akaniuliza, "Kwenu kuna mwanamke aliyewahi kuugua saratani ya ovari au ya matiti?" Nikajibu, "Hakuna, daktari." Nilijibu bila wasiwasi. Mama mdogo, dadake mamangu, alikufa kwa presha. Ndivyo nilivyoambiwa.

Sasa niko hapa kwa mama, nimekuja kusaidia kwa sababu mdogo wangu ameposwa na kijana wa Wasini na Jumapili wazee wao wanakuja. Jana akaja bibi mmoja jirani yetu, ambaye kazi yake ni kuosha maiti za wanawake. Tulikuwa jikoni watatu tu. Nikamwamkia, shikamoo, marahaba. Hakuondoa macho. Akaniona nimekula matonge mawili nikaacha, nikalegeza leso. Akamgeukia mama: "Na huyu je? Si ndivyo alivyoanza dadako?"

Mama akaruka. "Bi mkubwa! Wewe uliyemwosha ndiye wa kusema? Hujui kuwa mwosha husitiri alichokiona?"

"Namsitiri maiti, mwanangu," yule bibi akamjibu. "Huyu yu hai. Nani aliyekwambia nimsitiri aliye hai?"

Akachukua mkongojo wake akaenda, chai hakuinywa.

Nilimshika mama akaniambia yote. Mama mdogo aliugua uvimbe huohuo, wakaambiwa hospitali ni saratani ya ovari, wamechelewa. Mama ndiye aliyemuuguza. Ndiye aliyekuwa akimkanda lile tumbo, kwa mafuta yaleyale. Jamani, alijua! Miezi yote ile ananiambia gesi, mikono yake ilikuwa ikijua inashika nini. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mlipokuwa mabinti ningesema nini? Watu wakija kuposa huulizia ukoo. Nikasema presha, na wewe ukaolewa. Na kila ulipokuja nilijiambia haiwezi kuwa ile." Akalia sana. Kisha akafuta uso akanishika mkono: "Nyamaza mpaka mdogo wako aolewe. Na huko hospitali usibadilishe maneno, wale wauguzi ni watoto wa hapahapa."

Sikulala. Nampenda mamangu, na sasa mkono wake ukinigusa nashtuka. Mume wangu hajui kuwa nilipoolewa kuna jambo alifichwa. Hospitali narudi wiki hii, na huko nitasema, hilo nimeshaamua, maana mwanangu ananihitaji na bado nina matumaini kuwa tumewahi. Tena kina dada, msifanye kama mimi. Tumbo likijaa lisipungue, msikubali kukandwa tu.

Linalonishinda ni mdogo wangu. Damu yetu moja. Anafaa kujua aangalie mwili wake, lakini nikimwambia kabla ya Jumapili, posa ikivunjika, mama atasema nimemharibia mtoto. Nikinyamaza, ndiyo nimekuwa kama mama. Nishaurini, nimwambie au ningoje? Msinitukane, nina moyo mwepesi siku hizi. Huyo ananiita jikoni nimwonjee mchuzi, anacheka peke yake, mama ametoka kwenda kuazima sufuria. Nakuja, mdogo wangu! Jamani nitasoma ushauri wenu wote nikirudi, ila nikimkuta hivi peke yake nahisi nitamwambia.