Isale Ndani ya Kumi na Nane

Majivu yakimwagiwa maji hutoa harufu kali inayokwaruza pua. Kila ninapoisikia, hata nikiwa jikoni kwangu Njoro nazima kuni, sikumbuki chakula. Nakumbuka mpira, na nakasirika upya. Mnivumilie, wenzangu, hasira hii ina umri mkubwa kuliko wanangu.

Kijijini kwetu Masama hatukuwa na chokaa ya kuchorea uwanja. Mistari yote ilichorwa kwa majivu, na majivu yalitoka majikoni kwetu. Siku ya mechi kila nyumba ilitoa debe lake. Mstari wa kumi na nane, ule unaozunguka eneo la penalti, kwenye goli la upande wa mlimani, ulikuwa wa jiko la Bibi, mama yake mama. Bibi hakujua sheria hata moja ya mpira, lakini akiona mtu ameukanyaga mstari wake ovyo, alinung'unika kama aliyekanyagiwa mboga.

Nilikuwa darasa la tatu timu yetu ilipoingia fainali ya kombe la mbuzi, na wapinzani walikuwa vijana wa Bomang'ombe. Mshambuliaji wetu alikuwa Mjomba Aloyce, mdogo wake mama, mwenye mguu wa kushoto uliosifiwa hadi kwenye jumuiya baada ya rozari. Kocha wa timu moja ya Moshi mjini alikuwa amepanda kuja kumtazama. Aliletewa benchi la kanisani, akapewa ndizi za kuchoma na soda mbili. Kijiji kizima kilijua kwamba siku ile Mjomba hachezei mbuzi.

Mimi nilikaa nyuma ya goli la mlimani, mahali ambapo watoto tulikatazwa kukaa. Zilikuwa zimebaki dakika chache na tulikuwa tumefungwa moja bila. Mjomba akamtoka beki wa kwanza, akamtoka wa pili. Wa tatu, pande la mtu, akauacha mpira akaufuata mguu. Nilisikia mlio. Mmewahi kuvunja muwa kwa goti? Mlio ndio huo. Mjomba akaruka juu, akaangukia kwenye nyasi mbele yangu, mdomo wazi, sauti haitoki.

Filimbi ikalia, nasi tukaanza kushangilia penalti. Refa akaja mbio, akasimama juu ya Mjomba, akachomoa kadi ya njano, akamwonyesha yeye aliyelala chini.

"Umejiangusha," alisema. "Inuka ucheze."

Jamani, kelele zilizofuata! Katekista wetu, mtu mpole aliyetufundisha amri kumi, alitamka maneno ambayo hayamo katika amri hata moja. Akina mama walivua kanga viunoni wakazipunga wakiimba kwamba refa ameolewa Bomang'ombe. Na goti la Mjomba lilikuwa linavimba mbele ya macho yetu kama unga uliotiwa hamira. Kocha wa mjini alitikisa kichwa, akajipangusa suruali, akasimama. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia mwenzake kwamba wachezaji wa kuigiza anao wa kutosha. Hakungoja hata mechi iishe.

Mjomba alipakiwa kwenye pikapu ya ndizi, akalazwa juu ya majani ya migomba apelekwe hospitali mjini. Alimshika Bibi mkono. Nilidhani atalilia mguu.

"Mama, sikujiangusha," alisema. Akarudia mara tatu. Gari likaondoka.

Mechi ilipokwisha, moja bila vilevile, vijana walianza kuokota mawe. Refa alikuwa mezani akiandika ripoti yake, mgambo wawili pembeni. Bibi akavua kandambili, akaingia uwanjani peku.

"Wekeni mawe chini," aliwaambia. "Mkirusha jiwe, kesi itakuwa ya jiwe. Nani atauliza tena habari za mguu wa mwanangu?"

Wakayaweka, kwa shingo upande. Kisha akaniita. Mstari wake wa majivu ulikuwa umekanyagwa hadi umefutika, hakuna aliyejua ulipopita.

"Wewe ulikuwa huku nyuma. Mjomba wako aliumizwa wapi?"

Watu wote walinitazama. Nami, wenzangu, niliona kila kitu siku ile. Niliona buti la beki likimpata Mjomba hatua nzima kabla ya mstari, na nilimwona akiruka juu ya majivu kabla hajaanguka. Nikanyoosha kidole pale alipoangukia, ndani kabisa ya kumi na nane.

Bibi akamtuma kijana kwenye ua wa kihamba cha jirani, shamba lake la nyumbani, akate isale. Asiye wa kwetu aelewe: isale ni mmea wa majani marefu, nao ndio alama yetu ya mpaka. Ndugu wakigombania shamba, isale likishapandwa mbele ya watu, maneno yamekwisha. Haling'olewi. Bibi akachimba kwa kijiti, akalisimika palepale, akalishindilia kwa kisigino.

"Hapa ndipo mwanangu alipoumizwa," alisema kwa sauti ya kufika mezani. "Asemaye uongo aje alitoe."

Msaidizi wa refa, kijana mgeni mlimani, akacheka akaja kulishika. Refa mwenyewe akainuka kitini.

"Acha," alimwambia. "Usiliguse."

Alikuwa Mchagga wa Kibosho. Aliweza kumdhulumu mtu mchana kweupe, lakini kung'oa isale hakuthubutu. Tulimshangilia kwa dharau mpaka alipopanda gari.

Jumapili iliyofuata yule beki alikuja kwa Bibi peke yake, jani la isale mkononi, maana kwetu jani hilohilo ndilo la kuombea msamaha. Alipewa mbege, pombe yetu ya ndizi, akasamehewa kabla hajamaliza kusema. Refa hatukumwona tena. Na isale liliota! Msimu uliofuata wachezaji walilalamika kwamba linawakwaza, wazee wakakaa kikao, wakaamua. Wakasogeza goli.

Goti la Mjomba halikurudi kama zamani, na hakuna kocha aliyepanda tena kumtazama. Analima kahawa. Hadi leo akishuka sokoni Bomang'ombe hakosi wa kumtania kwamba alijiangusha, naye jibu lake ni moja: "Basi panda ukaling'oe."

Mimi nililala na uongo wangu kwa miaka. Kudanganya juu ya isale si mchezo; niliugua surua nikajua ndiyo laana imefika. Nilipokuwa mtu mzima, Bibi ameshatangulia, tukichuma kahawa na Mjomba, nikamwambia ukweli wote. Alicheka mpaka akaweka kikapu chini.

"Kwani mguu ulikuwa wa nani?" aliniuliza. "Nilipigwa nje. Bibi yako alijua pia. Ule mstari aliumwaga kwa mkono wake, hata ufutike angeufuata usiku wa giza."

"Sasa kwa nini alipanda ndani?"

"Kwani alisema anadai penalti?"

Nikayakumbuka maneno ya Bibi moja baada ya jingine, na kweli, neno penalti halikuwamo. Penalti ilikuwa yangu na ya kijiji, tuliokuwa tunataka goli. Yeye alisema alipoumizwa, si alipopigwa, akapanda pale mwanawe alipolala chini akiitwa mwongo. Nilikuwa nimeogopa laana bure. Uongo wangu haukuongeza wala haukupunguza kitu katika ushahidi wake.

Basi sina sababu ya kuficha tena, na mwenye ripoti ya siku ile aitoe alinganishe. Mjomba Aloyce alipigwa nje ya kumi na nane. Refa hakuwa na penalti ya kutupa. Alikuwa na faulo ya kutupa, akatunyima.