Mwenyekiti Asiyeketi

Watu walimwita Mama Mbio, na jina halikumuudhi. Kwa miaka kumi na mitatu alikuwa muuguzi wa wodi ya majeruhi, kazi isiyojua kukaa, lakini mbio zenyewe zilianza alipofariki binti yake wa pekee, wa miaka tisa, kwa homa ya uti wa mgongo. Miezi mitatu baada ya mazishi aliacha kazi, akakodi chumba juu ya duka la fundi viatu, akasajili shirika la kuwasaidia waliofiwa na waliopatwa na mikasa, yeye mwenyewe akiwa mwenyekiti.

Kila Alhamisi saa tisa alasiri viti vya plastiki vilipangwa duara. Walikuja wajane, akaja dereva aliyenusurika ajalini peke yake, akaja bibi mmoja aliyeunguliwa na nyumba. Mshauri nasaha, dada mpole wa sauti ya chini, aliongoza mazungumzo. Mama Mbio hakuketi. Alimimina chai, alifungua dirisha, akalifunga tena, akatoka kupokea simu. Mshauri alimwuliza zaidi ya mara moja ni lini atazungumza habari za binti yake mwenyewe, naye akajibu kwamba akipata nafasi.

Watu walisaidika, hilo hakuna wa kulikana. Yule dereva alirudi kushika usukani. Ila nyumbani, yeye na mumewe, fundi saa, waliishi kama abiria wawili wanaosubiri magari tofauti.

Alhamisi moja kikao kikiwa kimeshaanza, mumewe aliingia, bado amevaa shati la kazini. Mama Mbio akamwendea mbiombio, akidhani kuna msiba mwingine, akamnong'oneza kuna nini.

"Hakuna kitu. Nimekuja kama hawa wenzangu."

Akavuta kiti. Mshauri akamkaribisha kama anavyomkaribisha mtu yeyote.

"Nilifiwa na binti yangu mwaka juzi," alisema, macho yakiwa kwenye viganja vyake. "Nyumbani kwetu hatajwi. Mke wangu anawasikiliza watu wote, mimi hana muda na mimi. Nikaona nije huku huku anakosikiliza."

Mama Mbio aliweka birika chini. Miguu ilimpeleka hadi mlangoni, akashika kitasa. Nyuma yake mumewe aliendelea, akaeleza jinsi mtoto alivyompangia skrubu ndogondogo za saa, na jinsi yeye alivyozipoteza kila siku.

"Hukuzipoteza," Mama Mbio alisema bila kugeuka. "Alikuwa anazificha kwenye kiatu chake cha shule, apate kukusaidia kuzitafuta."

Mtu mmoja alicheka kidogo. Mjane wa karibu akasogeza kiti chake, pakawa na nafasi. Mama Mbio akarudi, akakalia ukingo wa kiti.

"Siku ile nilikuwa zamu," alisema. "Nilimpa dawa ya homa, nikamwambia alale, nikaenda kuhudumia watoto wa watu."

"Najua," mumewe akasema. "Mimi nilibaki naye kutwa nzima, na sikumpeleka hospitali."

Hawakuwahi kuambiana hayo.

Mbio hazikuisha. Siku hizi huketi dakika ishirini, halafu goti huanza kucheza. Mumewe huliwekea mkono. Kuna Alhamisi hutulia, na kuna Alhamisi huinuka tu, akaenda kufungua dirisha.