Funda la Pascuala

Katika milima yetu ya Chiapas hakuna aliyempita Pascuala kwa kupika poshi, pombe yetu kali, na wa kwanza kulisema hilo alikuwa yeye mwenyewe. Mumewe alikufa akamwachia pipa, mrija wa shaba na binti mmoja, Katal. Aliyeyusha sukari guru ya miwa, akaiacha ichachuke, akaipika, kisha akaonja matone ya kwanza na kuyatema. Hakuwa mlevi. Ila kumwambia poshi yake ina maji kulikuwa sawa na kumtukania mama yake.

Kwetu hakuna jambo lisilo na poshi. Ukimkosea mtu, unapeleka chupa. Ukimtafutia mwanao mke, unapeleka chupa na kupiga magoti. Mzazi wa binti akinywa, amekubali. Asipokunywa, unabeba chupa yako unarudi nayo.

Mzee Antun alikuwa amerudi na chupa yake mara kadhaa. Alimtaka Katal awe mke wa mwanawe Lol, yule aliyemvunja mkono mke wake wa kwanza hadi akakimbilia kwao. Kila wakija, Katal alimshika mama yake sketi.

"Mama, usiguse kikombe chao. Nakuomba."

"Nife kwanza," Pascuala alimjibu.

Mimi ni jirani yake. Siku ile nilikuwa jikoni kwake tukipukuchua mahindi, Antun akaingia na wazee wawili. Hakupiga magoti. Alikuwa amenuna.

"Leo sikuja kuposa, mama Katal. Nimekuja kulalamika. Poshi uliyoniuzia ya mazishi ya dada yangu ina maji."

"Ina nini?"

"Maji. Watu wamenicheka. Wanasema Pascuala siku hizi anapika chai."

Wazee wakaguna kwa huzuni, wanafiki wakubwa wale. Antun akamimina kikombe, akakiweka mbele ya Pascuala. "Kama nasema uongo, onja mwenyewe."

Nilimwona Katal akinyanyuka. "Mama, acha!"

Lakini Pascuala alikuwa hasikii tena. Alikinyakua kile kikombe, akakigugumia chote, akafuta mdomo kwa kiganja. Ile kazi ya kutema, aliyoifanya maisha yake yote, hasira iliifuta.

"Maji yako wapi, mwongo wewe? Hayo maji yako wapi?"

Antun akapiga magoti. Wazee nao wakapiga magoti.

"Hayapo," akasema kwa sauti ya asali. "Asante sana, mkwe wangu."

Pascuala akabaki na kikombe mkononi. Kisha akapiga kelele. "Nimeonja tu! Nilikuwa naonja!"

"Umeonja au umemeza?" mzee mmoja akauliza.

Kesho yake tulikwenda kwa mkuu wa kitongoji. Pascuala alieleza, akalia, akamwita Antun mwizi. Nilisimama nikasema nilichokiona, kwamba alidanganywa. Ndipo Rosha akainuka. Mwaka uliotangulia Rosha naye alinywa, akajuta, akaomba asimtoe binti yake, na Pascuala alisimama palepale kumpinga.

"Wewe ndiye uliyetuambia aliyekunywa amekubali," Rosha akasema. "Ulisema, kama si hivyo, wewe unapika nini? Mkuki kwa nguruwe mtamu, siyo?"

Watu wakacheka. Mkuu akamgeukia Pascuala. "Sema basi, mama. Kikombe kinafunga au hakifungi?"

Angesema hakifungi, ndoa na suluhu zote za kitongoji zilizofungwa kwa poshi yake zingekuwa mchezo wa watoto, na yeye mpika togwa. Ningekuwa yeye, ningesema. Haki ya Mungu, ningesema, na kitongoji kizima kife kwa aibu. Pascuala alifungua mdomo, akaufunga. Mkuu akachukua ukimya ule kuwa jibu.

Walikuja kumchukua Katal siku ya soko. Alikuwa amekunja shuka lake la sufu na blauzi mbili. Mama yake alimfuata hadi mlangoni, akijaribu kumshika mkono.

"Mama," Katal akauliza, "ile poshi ilikuwa na maji?"

"Haikuwa na hata tone, mwanangu. Naapa."

"Basi vizuri. Jina lako limepona."

Akauondoa mkono wa mama yake, akashuka mlima nyuma ya Lol.