Nilimshinda Yaya kwa Picha ya Kutoka Angani

Admin, ufiche jina langu na la mtaa wetu, maana Kindu, huku kwetu Kongo, ni ndogo na tunajuana. Nina miaka 36, nina mke na watoto watatu, nafundisha jiografia kwenye sekondari moja hapa mjini. Sijawahi kupeleka mambo yangu kwa watu nisiowaona, lakini safari hii yamenishinda.

Niko na yaya mmoja, kaka yangu mkubwa, anatengeneza redio na simu karibu na gare ya treni. Kwenye atelier yake, kibanda chake cha ufundi, wanaume wanakusanyika kila siku kubishana siasa, mpira, na siku hizi mambo ya anga. Yaya ndiye mkubwa wa wabishi. Anasema hakuna mtu aliyefika mwezini, satelaiti hakuna, na picha za dunia wale wa shirika la anga wanazitengeneza kwa ordinateur, yaani kompyuta, ili tuwaogope. Nikimpinga ananijibu, "Antene ya simu iko pale, naiona na macho. Sasa na wewe unionyeshe satelaiti." Wenzake wanaongeza, "Prof, ulipanda huko ukaona?" Wanacheka. Wengine ni wazazi wa wanafunzi wangu, na mimi sipendi kuchekwa, niseme ukweli.

Wanaocheka hawajui habari hii. Wakati wa vita tulikuwa kijijini, upande wa Pangi. Waliochoma nyumba zetu sitawataja. Tulikimbilia porini na mama, Yaya, mimi na dada yetu mdogo, nitamwita Salima. Baba alikuwa ameshauawa. Yaya alikuwa mwanafunzi wa sekondari, na yeye ndiye aliyeniambia mara ya kwanza kwamba juu kuna mashine zinapiga picha dunia yote. Akachukua shuka nyeupe ya ndoa ya mama, akawa anaitandika kila asubuhi kwenye shamba la mihogo lililovunwa. "Wataiona," alikuwa anasema. "Wakiiona watajua hapa iko watu, watatuma helikopta." Mama alimkataza, akiogopa wenye bunduki wataiona kwanza. Hakusikia. Mvua ikiilowesha anaianika, kesho anaitandika tena. Wiki nyingi. Helikopta haikuja. Salima akashikwa na homa, akafia mule porini, na tulimzika na ile shuka kwa kuwa hatukuwa na kitu kingine.

Baada ya vita Yaya alianza kusema satelaiti ni uongo. Mimi na shule yangu yote niliona ni kichwa kigumu tu. Sikuunganisha.

Mwezi uliopita, nikitafuta picha za somo kwenye intaneti, niliangukia picha za zamani za mkoa wetu wa Maniema, zilizopigwa na satelaiti. Nikakitafuta kijiji chetu, nikakipata. Mto uko pale, njia ya kwenda Kalima iko pale, nyumba zimebaki madoa meusi. Na kwenye shamba kuna nukta moja nyeupe, ndogo kama chembe ya chumvi. Mwaka ni ule ule, mwezi ni ule ule. Wapendwa, sikulia. Nilifurahi. Nilisema leo nimempata.

Nikaichapisha kwenye karatasi, nikaizungushia ile nukta biki nyekundu, nikaenda atelier Jumamosi watu wakiwa wamejaa. Nikaiweka mezani mbele ya wote nikasema, "Yaya, haya, katala tena. Kijiji chetu hiki. Na hii njo shuka yako."

Alichukua kile kioo anachotumia kuonea waya ndogo za redio, akainama. Aliangalia muda mrefu mpaka wale wanaume wakaacha kucheka wenyewe. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Walipiga mwezi gani?" Nikamtajia. "Ule mwezi Salima alikuwa bado iko muzima?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Kumbe walituona." Akachomoa kwenye umeme chuma chake cha kuchomelea waya, akawaomba watu watoke, akafunga mlango.

Ni wiki tatu sasa. Hajafungua atelier. Hanipokei simu, nikienda kwake mkewe ananiambia amelala. Chakula anakirudisha.

Na kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Ile nukta sina hakika nayo. Inaweza kuwa jiwe, inaweza kuwa bati, inaweza kuwa kasoro ya picha. Mwanafunzi akiniletea jibu la namna hiyo nampa sifuri. Niliizungushia biki kwa sababu nilitaka kushinda.

Mama aliniita. Hakunigombeza, na hiyo ndiyo iliniumiza zaidi. Alisema, "Mutoto wangu, kaka yako alikuwa anajiambia huko juu hakuna muntu, njo maana hatukusaidiwa. Alikuwa anaishi na ile. Sasa umemwambia walikuwepo, wakaangalia tu. Nenda umwambie ile picha uliitengeneza na ordinateur." Nikimwambia hivyo atapona labda, lakini atajua mdogo wake alimchezea kaburi la Salima mbele ya watu. Na nikimwambia sina hakika, sijui kama atanisikia tena.

Jana Yaya alimtuma mkewe. Nilifikiri ni msamaha. Mke wake alisimama mlangoni, hakutaka kuingia, akasema, "Yaya wako anaomba umutolee ile picha kubwa zaidi. Anasema Salima alikuwa anakaa kwenye kona ya shuka, upepo usiibebe. Anataka kuona kama na yeye iko pale."

Anasubiri. Mnaonisoma, na hasa ninyi mliopita porini miaka ile, niambieni, nimpelekee yaya wangu nini?